Umebakisha Mitatu

"Umebakisha mitatu," nilimwambia. "Maliza."

Ogeto aligeuka na panga mkononi. Shati lake la kazi, lile lenye matundu madogo ya cheche za kuchomelea, lilikuwa limelowa utomvu. Nyuma yake migomba ishirini na saba ilikuwa imelala chini pamoja na mikungu ambayo haikuwa imekomaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka Manga yote, nami nilikuwa nimetoka kuchuma majani chai, kikapu bado kiko mgongoni.

"Bonareri, usinichezee leo."

"Sikuchezei. Nilipanda thelathini, umekata ishirini na saba. Mtu akianza kazi aimalize."

"Unajua kile umenifanyia?"

"Sijui. Niambie."

"Mosocho nzima inanicheka. Wanasema nimeolewa. Mimi Ogeto, ati naolewa Manga. Ati nitahamia kwa babako nikatiwe kashamba, niwe nakupikia ugali."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu wana majina."

Alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Anko Machogu. Alipita hapa na pikipiki akaona. Akaniuliza mbele ya wasee wote wa jua kali, mafundi wenzangu, 'Huyo msichana wako anapanda migomba kwa babake, kwani anaenda wapi?' Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Ningemjibu nini?"

Nisimame hapo kidogo niwaeleze nyinyi msiotoka kwetu. Kwa Wakisii, msichana anayekaribia kuolewa anaweza kulima maharagwe kwa babake, anaweza kulima sukuma na managu, na hakuna atakayemuuliza. Hivyo unachuma unaenda zako. Mgomba ni kitu cha kukaa. Unapandwa na mtu ambaye yupo na atakuwepo, na mwenye migomba huhesabiwa kuwa mwenye ardhi. Basi msichana mwenye mchumba akipanda migomba thelathini kwa babake, watu wanasoma hivi: huyu haondoki. Na kama haondoki, ni bwana atakayekuja. Na mwanaume anayehamia kwa wakwe, huku kwetu hata kuku humcheka.

Nilitoa simu mfukoni nikaielekeza usoni pake.

"Unafanya nini?"

"Nakupiga video."

"Ya nini?"

"Hapa shambani hakuna kioo."

Nilimpiga sekunde arobaini. Macho mekundu, mishipa ya shingo imesimama, povu pembeni mwa mdomo. Mwanaume mzuri kweli kweli Ogeto, wasichana wa Mosocho wananiombea mabaya kwa sababu yake, lakini mle ndani ya simu sikumwona. Nilimwona mtu wa kukimbiwa.

Nikarudisha simu mfukoni. "Sasa niulize kwa nini nilipanda."

"Kwa nini ulipanda?"

"Siku ya kwanza uliponipeleka kwenu, mamako alisema harusi za siku hizi ni mchele wa dukani. Akasema angependa kabla hajafa ale matoke yaliyopandwa na mkono wa mke wa mtoto wake. Nikarudi nikamwomba babangu kile kipande marehemu mama alikuwa anapanda wimbi. Nikahesabu miezi. Ilikuwa ikomae wiki ya harusi."

Panga lilishuka polepole mpaka ncha ikagusa udongo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza kabla ya panga, ningekujibu. Ulikuja na jibu lako mkononi."

Aliketi juu ya kisiki. Akaangalia mkungu uliokuwa miguuni pake, vidole vya ndizi vyembamba kama vya mtoto mchanga, akajaribu kuusimamisha kana kwamba utashika tena. Niliangalia kando.

"Bona, pole."

"Nimesikia. Nenda nyumbani. Panga uache."

"Ni la mzee wangu."

"Uliache."

Aliliweka chini akashuka njia bila kugeuka.

Mtu asije akawaambia kwamba sikukasirika. Nilikasirika sana. Nilipomwambia amalize ile mitatu, upande mmoja wa moyo wangu ulitaka kweli aimalize, ili nipate ruhusa ya kuokota jiwe. Ile sauti ya upole mliyoisikia niliinunua kwa bei ya njugu.

Ndiyo, njugu. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa stendi ya Kisii, nikanunua njugu za kukaanga zimefungwa kwa karatasi ya kitabu. Nilikula njugu nikasoma karatasi. Ilikuwa inazungumza juu ya watu wa zamani sana wa Ugiriki, Wastoa, na vile walivyoiangalia hasira. Sentensi ya mwisho ilikatika katikati. Nilirudi kwa yule mama nikanunua kitabu kilichobaki. Kurasa arobaini za mwanzo wateja walikuwa wameshaondoka nazo, jalada hakuna, aliyekiandika simjui mpaka leo.

Nilichotoa mle, kwa maneno yangu mwenyewe, ni hiki. Ule moto wa kwanza kifuani si kosa lako, unakuja kama chafya. Hasira yenyewe ni kile kinachofuata, pale unapojiambia "nimedharauliwa, lazima mtu alipe" halafu ukajiitikia "ndiyo". Katikati ya hayo mawili pana nafasi ndogo, na mtu anaweza kusimama hapo akiamua. Na jambo lingine: hasira haijui kungoja. Ukiingojesha inajichokea.

"Hasira hasara" tumeisikia sote, imeandikwa mpaka kwenye leso, zile kanga za sokoni, na bado watu wanapigana wakiwa wamezivaa. Kile kitabu kilinionyesha mahali pa kusimama. Nami nilikuwa nikipahitaji, kwa sababu ya sikio la Obadiah.

Obadiah ni ndugu yangu mdogo. Siku hiyo ya panga alifika shambani saa sita na vijana watatu wa pikipiki, wamesikia.

"Twende Mosocho," alisema.

"Nani na nani?"

"Mimi na hawa. Ile karakana yake tunaiwasha leo. Ama unipe hiyo video niiweke Facebook, dunia imwone vile anakaa."

"Hapana na hapana."

"Bona, amekuja kwetu na panga mchana peupe. Leta simu."

Alinyoosha mkono akaishika simu. Na mkono wangu, niwaambie ukweli, ulikuwa umeshapanda juu. Niliuona pale juu kama mkono wa mtu mwingine. Nikaushusha nikaufungia ndani ya mwingine.

"Obadiah, lile sikio la kushoto linasikia siku hizi?"

Aliachilia simu. "Unajua halisikii."

"Kwa sababu ya nini?"

"Hayo ni ya zamani."

"Sema."

"Redio," alisema akiangalia chini. "Nilibadilisha stesheni."

"Nilikuwa na miaka kumi na tano na mwiko mkononi. Stesheni niliyoitaka siikumbuki hata jina. Wimbo siukumbuki. Nilikuwa na haki kabisa siku hiyo, redio ilikuwa zamu yangu. Haki yangu iko wapi sasa? Wewe unageuza kichwa kila mtu akikuongelesha."

Wale vijana wa pikipiki walianza kuangalia matairi yao.

"Kwa hivyo tukae tu?" Obadiah aliuliza. "Watasema sisi ni waoga."

"Waseme. Hasira yangu ni yangu, simkodishii mtu. Nitajua cha kuifanyia."

Jioni ile nilimtumia Ogeto video, kisha ujumbe:

"Hii ni yako. Sijamwonyesha mtu na sitamwonyesha. Iangalie ukiwa umetulia."

Akajibu palepale: "Ifute."

"Kwangu nimeshafuta. Imebaki kwako tu."

Siku tatu hakuandika. Siku ya nne, nikiwa kwenye foleni ya kupima majani chai, simu ililia.

"Nimeiangalia mara nne. Mara ya nne nimezima sauti. Huyu mtu ni nani?"

Nikamwandikia: "Ndiye nilikuwa niolewe naye Desemba."

*

Jumapili wakaja na mbuzi.

Aliyeongoza ni Anko Machogu mwenyewe, mdogo wa marehemu babake Ogeto, amevaa koti la harusi za wengine. Nyuma yake Mama Lorna, mamake Ogeto, ameshika pindo la leso mdomoni. Mama huyo huongea leso iko mdomoni daima, hata akicheka, na sisi tulidhani ni adabu. Ogeto alibaki kwenye geti na mbuzi.

Tata, yaani baba, aliwakaribisha sebuleni. Chai ikamiminwa. Machogu akasafisha koo.

"Mzee Ogari, kijana wetu alikosea, hatukatai. Lakini wewe ni Mkisii, unajua vile tuko. Hasira iko kwa damu. Inawaka, inazima, maisha yanaendelea. Mbuzi ndiye huyo. Tarehe ibaki ileile."

"Bonareri, mwanangu," Mama Lorna alisema ndani ya leso, "mwanaume asiye na hasira ni wa nini? Akikasirika ndiyo ujue anakujali."

"Mama, ile migomba ilikuwa yako."

Akaishikilia leso kwa mikono miwili.

"Anko," nikamgeukia Machogu, "mimi ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa Manga. Swali gani hilo?"

"Kabila?"

"Mkisii, sasa."

"Baba Mkisii, mama Mkisii, nyanya zangu wote wawili Wakisii. Hiyo damu yenye hasira, mimi nilinyimwa na nani? Mbona sikufuata mtu Mosocho na panga?"

"Wewe ni mwanamke."

"Sawa. Tuache mwanamke. Chifu akija kwenye karakana ya Ogeto amwambie aondoe vyuma barabarani, damu huwa inaenda wapi? Si huwa anasema 'ndiyo chifu' na anaondoa? Damu gani inayojua cheo cha mtu, Anko? Inapoa mbele ya chifu na inachemka mbele ya mgomba?"

Machogu akanywa chai.

"Tena niulize. Siku ile kwenye jua kali, ni mgomba gani uliomtukana? Aliyemcheka ni wewe. Akakuacha wewe na ulimi wako, akapanda mlima kuja kukata chakula cha mamake. Hiyo ndiyo hasira mnayoniambia ni mapenzi."

"Bonareri," Tata aliingilia, sauti ya chini. "Kadi zimeshachapishwa. Kanisani wameshatangaza. Tutawaambia watu nini?"

Huyo ndiye aliyenipa kipande cha mama bila kuuliza maswali. Kumkatalia kuliniuma kuliko migomba.

"Tata, kadi ni karatasi. Zitafunga njugu. Mbuzi warudi naye, hajakosea mtu."

Nilitoka nje, nikampita mbuzi, nikamwambia Ogeto anifuate. Wote wakatufuata mpaka kwenye visiki. Niliinama nikasogeza majani makavu. Pembeni mwa kila kisiki kulikuwa na machipukizi, mengine marefu kama kidole, mengine yameshafika gotini.

"Mgomba ukikatwa haufi," nilimwambia Ogeto. "Unajua hilo kuliko mimi. Harusi itakuwa siku haya yatakapozaa."

"Hiyo ni zaidi ya mwaka."

"Mwaka na miezi mitatu hivi, mvua ikikubali. Na kila Jumapili utakuja wewe mwenyewe kuyapalilia. Hapahapa kando ya njia, watu wakipita wakikuona."

"Tiga," Machogu alisema kwa Kikisii, yaani acha. "Hiyo ni kumfanya mwanamke."

"Ni kumfanya mkulima, Anko."

Ogeto alikuwa akiniangalia mimi tu. "Na nikikataa?"

"Ukikataa ni sawa. Sitakulaani, sitakutangaza. Nitaolewa na mwingine ama nisiolewe, na ndizi nitakula."

Aliondoka bila kujibu. Mbuzi alilia njia nzima mpaka chini, utadhani yeye ndiye aliyeachwa.

*

Jumapili iliyofuata nilikuwa nikifua nikasikia jembe. Sikwenda kuangalia. Nilimaliza kufua, nikaanika, ndipo nikapeleka chai.

"Karibu," nikasema.

"Asante," akasema. Siku hiyo hatukuongea zaidi ya hapo.

Njia inayopita pale ndiyo ya kwenda sokoni, na Manga inapenda vituko kuliko nyama. Walimfurahia.

"Bwana, umeshapikia mke?"

"Ogeto, ukimaliza hapo kuna vyombo."

"Leso itakutosha ama tukuletee kubwa?"

Nilikaa kwenye ukingo nikimwona shingo inavimba. Jumapili ya tatu alirusha jembe ndani ya majani chai akaondoka. Nikajiambia: basi, Bonareri, umejua. Niliingia ndani nikaanza kupanga nguo zilizokuwa zimepangwa. Nilimpenda, hilo sikuwahi kulificha, na kumpenda hakukunifanya mjinga.

Saa moja na nusu baadaye nikasikia jembe tena.

"Ulienda wapi?" nilimuuliza.

"Nilipanda mpaka juu kwenye mwamba, nikashuka."

"Kufanya nini?"

"Kuchelewa kupiga mtu."

Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Yeye hakucheka, lakini alikula mihogo yote niliyomletea.

Ndipo tukaanza kuongea. Mistari mitatu ya migomba kila Jumapili, yeye analima, mimi nasoma kile kitabu kisicho na jalada na kumweleza. Alikuwa mbishi.

"Kwa hivyo mtu akinitukana ninyamaze tu kama gunia?"

"Nani amesema unyamaze? Jibu. Lakini ujibu wewe, isijibu hasira. Zile siku unakasirika, ni nani anakuamulia uende wapi na ukate nini?"

Akalima kidogo. "Anko Machogu."

"Umeona. Anko alivuta kamba akiwa Mosocho, wewe ukaruka Manga. Mimi nataka mwanaume asiye na kamba."

Ile migomba mitatu iliyobaki haikusikia habari zetu. Iliendelea kunenepa. Jumapili ya mwisho ya Desemba, ile tarehe iliyokuwa kwenye kadi, ndizi zilikuwa tayari kama nilivyohesabu. Watu walidhani siku hiyo nitajifungia chumbani nilie. Niliamka nikamenya, nikapika matoke na nyama na dania nyingi, nikafunga kwenye hotipoti, nikavaa gauni langu zuri, nikapanda pikipiki mpaka Mosocho.

Mama Lorna alikuwa peke yake uani.

"Mama, hizi ndizo ungekula leo. Nimekuletea."

Alikula, mkono mmoja ukishika leso. Nusu ya sahani akaacha.

"Bonareri, kuna kitu nilikuambia kwenu. Kwamba mwanaume akikasirika ndiyo anakujali."

"Nakumbuka, Mama."

Alishusha leso. Meno mawili ya mbele ya juu hayakuwapo.

"Babake Ogeto alinijali sana," alisema. "Chumvi ilikuwa imezidi. Siku hiyo hiyo jioni alilia akaniomba msamaha, akaninunulia leso. Ogeto alikuwa na miaka minne, alikuwa ameketi pale mlangoni. Nimesema hasira iko kwa damu miaka ishirini na tano kwa sababu ningesema vingine ningesema nini?"

Nilimshika mkono, mkono mgumu wa jembe, nao ukanishika.

"Usiolewe naye haraka," akasema. "Hata akikulilia. Ngoja ndizi."

Nilimwambia Ogeto hayo Jumapili iliyofuata. Aliliweka jembe chini.

"Nilikuwa mlangoni," alisema. "Nilikuwa nimejiambia ni ndoto." Kisha akaketi kwenye ukingo akalia kama watu wanavyolia, na waliopita njiani siku hiyo hawakusema neno.

Sitaki mfikiri kwamba baada ya hapo alikuwa malaika. Mwezi wa nne alipiga mlango wa chuma kwa ngumi kwa sababu mteja alimkataa, akaja Manga na mkono umefungwa bendeji.

"Mlango uliumia?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Basi lete huo mwingine tulime."

Na mimi sikuwa malaika. Kuna Jumapili alichelewa kwa sababu ya mvua, nami nikamtumia ujumbe mrefu wenye maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alijibu: "Nimeusoma. Nitaujibu kesho, ukiwa na njaa ya kunisikia." Nilijiona mjinga, nikamwomba msamaha. Mwalimu naye alikuwa amepewa mtihani.

*

Mwaka uliisha, ukaingia mwingine. Januari hii, Ijumaa ya wiki ya harusi, watu wa Mosocho walipanda Manga kuja kuvuna. Kanisa lingekuwa Jumapili, na Jumamosi ni Sabato, hatukati kitu. Walikuja na magunia na kamba, shangazi, binamu, na Anko Machogu na koti lake. Migomba ishirini na saba ilikuwa imeinama kwa uzito, mingine imeshikiliwa na nguzo za chuma ambazo Ogeto mwenyewe alizichomelea.

Niliingia ndani nikatoa panga. Lilikuwa limekaa juu ya kabati ya Tata mwaka na miezi mitatu. Nilikuwa nimelipaka mafuta lisiote kutu, na hilo sikumwambia mtu.

Nilipotoka nalo, watu walinyamaza. Ogeto alisimama mbele ya mgomba wa kwanza, mikono mitupu.

Machogu akaona kimya kile ni chake.

"Ogeto mwanangu," alisema kwa sauti ya mkutano, "si nilisema? Mwaka mzima unalimia wakwe. Wenzako wanaoa, wewe umeolewa. Jumapili ni wewe utavaa hiyo gauni nyeupe."

Shangazi mmoja alicheka, halafu akajuta. Obadiah aligeuza sikio lake zima ili asikie vizuri. Mimi nilisimama na panga mkononi, hatua tano kutoka kwa Ogeto, na sikusogea. Kadi za pili zilikuwa zimechapishwa. Gauni lilikuwa limeletwa. Nilijua moyoni kwamba kama ile shingo itamwamulia, hizo kadi nazo zitafunga njugu.

Shingo ilivimba. Niliiona. Alivuta pumzi, akaiachilia, akavuta nyingine. Kisha akatabasamu upande mmoja, lile tabasamu lililonipata mimi zamani.

"Ni kweli, Anko," alisema. "Nimeolewa Manga. Na kama mimi ndiye bibi harusi, wewe ni upande wa wazazi wangu, huwezi kusimama tu kama mgeni. Vua koti ushike huu mkungu, ni mzito."

Watu walicheka mpaka Tata akaegemea geti. Mama Lorna alicheka kuliko wote. Leso ilikuwa begani, na meno yaliyobaki yote yalionekana, na hakuyaficha.

Machogu alitafuta uso wa kumuunga mkono akakosa. Akavua koti.

Nilitembea zile hatua tano nikampa Ogeto panga. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakuliinua. Aliangalia migomba, kisha akaniangalia mimi, kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Bonareri, nikate upi kwanza?"